Simama Ndani ya Mistari

Mtihani wa kwanza katika Gran Turismo 4 si wa kukimbia. Ni wa kusimama. Unapewa gari la kawaida na barabara iliyonyooka, na mbele huko kuna eneo lililochorewa mistari. Ondoka, kanyaga mafuta, kisha simama ndani ya mistari. Ukisimama kabla, umeanguka. Ukipitiliza, umeanguka. Ukisimama ndani lakini umechelewa, unapata shaba, au hupati kitu.

Nilikuwa na miaka 13 nilipoufanya mara ya kwanza, kwenye kibanda cha PS mtaani Umoja, na nilianguka mara nyingi kiasi kwamba vijana waliokuwa wakingoja zamu yao ya FIFA walianza kunihesabia kwa sauti. “Huyu msee analipa pesa kujifunza kusimama,” mmoja alisema, na kibanda kizima kikacheka. Nikacheka pia, ndio nisionekane nimeumia.

Nimecheza gemu nyingi za magari tangu siku hiyo, na bado nadhani ule mtihani ni ukurasa wa kwanza bora kuliko wowote niliouona kwenye gemu za mbio. Riwaya nyingi zinangoja hadi sura ya tatu kabla ya kukuambia zinahusu nini. Gran Turismo inakuambia katika nusu dakika: hapa tunapima breki zako kwanza, hayo mengine utajua baadaye.

Mwezi uliopita mpwa wangu, ambaye yuko kidato cha pili na hutumia PS5 yangu kila wikendi kana kwamba aliinunua yeye, alinitumia ujumbe: “Anko, ni video gani poa ya kupata dhahabu zote za leseni kwa siku moja?” Alikuwa anacheza Gran Turismo 7. Nikaingia YouTube kumtafutia, na nikajikuta nimekaa huko hadi saa nane usiku.

Video zenyewe si mbaya. Ushauri wake ni sahihi. Kanyaga breki hapa, gia ya pili pale, gusa ukingo wa ndani wa kona, fungua usukani, ondoka. Shida ni kwamba anayekuonyesha tayari anaipata dhahabu akiwa na nafasi ya kupumua, kwa hiyo yeye hukanyaga breki mahali ambapo mkono wake unaweza. Anayeanza akiiga sehemu hiyo hiyo anaishia kwenye mchanga, anajiona mjinga, anarudia, anaishia kwenye mchanga tena. Video imempa jibu la hesabu bila kumwonyesha njia. Na kuna jambo jingine lililoniudhi zaidi: karibu zote zinaziita leseni kikwazo, kitu cha kumaliza haraka ndipo uende kwenye gemu yenyewe. Mimi nadhani leseni ndizo gemu yenyewe. Hayo mengine, magari mazuri, muziki, picha za machweo, ni mapambo ya sebule.

Hebu nieleze kwa ambaye hajawahi kushika pedi. Gran Turismo 4 ilitoka Japani mwishoni mwa 2004 na kwingineko 2005. Ina leseni tano, kila moja na mitihani 16, jumla 80. Mtihani unaweza kuwa kona moja tu. Si mzunguko mzima, kona moja. Ukipata shaba kwa yote umepewa leseni na unaruhusiwa kuingia mashindano yanayoihitaji. Dhahabu ni ya wale wanaoitaka, ingawa ukizikusanya zote za leseni moja unazawadiwa gari. Hapo ndipo panaponivutia: gari la mtihani unapewa, matairi unapewa, kila kitu kimefungwa. Huwezi kununua turbo ili upite. Kwingine kote katika gemu pesa zinakusaidia. Ukishindwa na mbio fulani unanunua injini kubwa zaidi unawapita wote kwenye sehemu iliyonyooka. GT4 ina hata mfumo uitwao B-Spec ambapo dereva wa kompyuta anakuendeshea huku wewe ukimpa maagizo tu. Kuna mbio za saa 24 humo, na wasee wengi tulimwachia yeye tukaenda kulala. Lakini kwenye leseni hawezi kukusaidia. Chumba cha mtihani unaingia peke yako.

(Ukifanya mtihani wa leseni halisi hapa Kenya, kabla ya kupewa gari unasimamishwa mbele ya ule ubao wa model town, unasukuma kigari cha kuchezea kwa kidole huku ukieleza unaingiaje raundabauti. Watu hucheka, eti wanapimwa kwa toi. Mimi nilipofika mbele ya ubao ule nilijisikia niko nyumbani kabisa.)

Sasa, mpwa wangu alitaka ushauri, na ushauri ninao. Nilimwandikia ujumbe mrefu ambao sidhani aliusoma wote, kwa hiyo nauweka hapa.

Kwanza, tairi. Chukulia kila tairi lina bob 100 za kutumia, si zaidi. Kukanyaga breki kunagharimu, kukata kona kunagharimu, kuongeza mafuta kunagharimu. Ukitumia zote 100 kwenye breki, huna hata shilingi ya kukata kona, na ndiyo maana gari linaenda moja kwa moja hata ukigeuza usukani hadi mwisho. Anayeanza hudhani gari limekataa kumsikia. Limemsikia vizuri sana, limefilisika tu. Kwa hiyo breki nzito inakaliwa gari likiwa limenyooka, na unapoanza kuingia kona unaiachilia kidogo kidogo, kwa kiasi kile kile unachoongeza usukani. Huwezi kuelewa sentensi hiyo kwa kuisoma. Lakini ukiijua, siku mkono utakapoifanya kwa bahati utatambua kilichotokea.

Pili, na hii ndiyo ngumu zaidi kwa kijana wa miaka 15: dhahabu hupotea pale unapoingia na hupatikana pale unapotoka. Ukiingia kona kwa kasi kupita kiasi, gari linateleza kwenda nje, unangoja, unangoja, na wakati huo wote mguu hauwezi kugusa mafuta. Ukiingia polepole kidogo, unakanyaga mafuta mapema, na kasi hiyo unaibeba barabara nzima inayofuata. Ndiyo, najua methali unayoifikiria. Siiandiki. Isitoshe methali yenyewe haisemi kweli yote, maana ukiingia polepole sana unakosa dhahabu vile vile. Haraka inatakiwa, swali ni uiweke wapi.

Tatu, usianze upya. Hili sikuliona kwenye video hata moja, na ndilo lililonigharimu miezi. Kwenye mtihani wa mzunguko mzima, anayeanza akikosea kona ya kwanza anabonyeza kuanza upya. Akikosea ya pili, anaanza upya. Baada ya jioni nzima amepita kona ya kwanza mara 90 na ya mwisho mara nne. Halafu siku anapofika mwisho akiwa na muda mzuri, moyo unamdunda, kona ya mwisho haijui, anaiharibu, anatupa pedi. Maliza hata kama umeharibu. Mbio mbovu ndizo mazoezi ya mwisho wa barabara.

Kuhusu gari la kivuli, lile linaloonekana kama mzuka likirudia mbio zako bora, ushauri wangu ni lizime mwanzoni. Ukiliona mbele yako utataka kulikamata, na kwa anayeanza njia ya kulikamata ni moja tu, kuchelewa kukanyaga breki. Liwashe ukishapata fedha, upate kuona ni wapi hasa unapoteza. Mara nyingi si pale ulipodhani.

Na ukishindwa mara 20 mfululizo, zima mashine uende ulale. Sijui kazi gani hufanyika usiku ndani ya vidole, lakini asubuhi kona huwa imefupika.

Pedi nayo ina hadithi yake. Vitufe vya pedi ya PS2 vilihisi uzito wa kidole. Ukibonyeza kidogo, breki kidogo. Ukikandamiza, breki yote. Watu wengi hawakuwahi kujua, kwa sababu kwenye FIFA pasi ni pasi. Lakini pedi za kibandani zilikuwa zimepigwa na nusu ya mtaa, mpira wa ndani umechoka, na kati ya pedi nne moja tu ndiyo iliyokuwa bado inajua tofauti ya kidogo na sana. Ilikuwa na kipande cha plasta nyuma. Nilikuwa nafika mapema Jumamosi, kabla hata mwenye kibanda hajamaliza kufagia, ndio niipate. “Kijana, hizi zote ni sawa,” aliniambia. Hazikuwa sawa. Sasa hivi pedi ya PS5 ina vitufe vya nyuma vinavyokusukuma kidole unapokanyaga breki, na vinatetemeka matairi yanapokaribia kushindwa. Ni raha kubwa. Mimi nilijifunza kwa plasta.

Kumbukumbu zetu tulizisevu kwenye memori kadi ya kibanda. Ilikuwa na nafasi ya MB 8, na ndani yake waliishi watu kama 15: ligi za wasee wa FIFA, mtu aliyekuwa katikati ya GTA San Andreas, na mimi na leseni zangu. Nilikuwa nimemaliza dhahabu zote za leseni ya B na karibu zote za A. Ilinichukua kama miezi miwili ya Jumamosi. Kisha siku moja nikaweka diski, nikafungua faili, na gemu ikaniuliza kama nataka kuanza mpya.

“Boss, nani amefuta sevu yangu?”

“Kadi ilikuwa imejaa,” alisema, bila kuinua kichwa kwenye simu. “Watu wa FIFA walikuwa wanalia.”

Sikusema kitu. Ungesema nini? Wao ndio waliokuwa wanalipa kodi ya kile kibanda. Nilitoka nikakaa kwenye mawe nje, na sitaki kusema kama nililia au la. Wiki tatu baadaye nilikuwa nimekusanya pesa za kutosha kununua kadi yangu mwenyewe, ya mkono wa pili, Luthuli Avenue. Nikaiweka mfukoni, nikarudi kibandani, nikaanza na mtihani wa kwanza. Ondoka. Kanyaga mafuta. Simama ndani ya mistari.

Dhahabu. Mara ya kwanza. Wa pili, dhahabu mara ya kwanza tena. Leseni nzima ya B iliniishia kwa alasiri mbili, na zile fupi nilizimaliza huku nikiongea na watu. Miezi miwili ilikuwa imekunjika ikawa alasiri mbili. Kilichofutwa kwenye kadi kilikuwa picha za zile dhahabu. Zenyewe zilikuwa kwenye kidole gumba.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo tangu mpwa wangu aniombe video, kwa sababu wakati ule hatukuwa na trofi. Xbox 360 ilikuja na mfumo wake wa kukusanya mafanikio 2005, na PlayStation 3 ikaanza trofi zake 2008. Siku hizi kila gemu ina orodha: shaba, fedha, dhahabu, na ukikusanya zote, platinamu. Orodha inaonekana kwa marafiki zako wote. Ni kitu kizuri. Nami ninazo chache ninazojivunia, sitajifanya mtakatifu. Lakini orodha ina tabia moja mbaya. Inaweka vitu visivyofanana kwenye safu moja, na kuvipa vyote jina la ugumu.

Gran Turismo 7, iliyotoka Machi 2022, ndiyo mfano ninaoufahamu vizuri. Leseni zake bado ni zile zile kwa moyo: gari umepewa, kona umepewa, onyesha mkono wako. Ukizipata dhahabu zote za leseni ya juu, mtu anayejua atakutazama kwa jicho jingine. Lakini kwenye orodha hiyo hiyo kuna trofi ya kukusanya magari matatu ya miaka ya 1960: Ferrari 330 P4, Ford Mark IV na Jaguar XJ13. Ili uyapate unahitaji mamilioni ya krediti za gemu, na duka la magari ya kihistoria linayaonyesha kwa zamu, kwa hiyo lazima pia ungoje siku gari lako litakapotokea. Hakuna kona ya kujifunza hapo. Kuna kurudia mbio zile zile zinazolipa vizuri, tena na tena, mpaka macho yakauke. Au kuna njia fupi: krediti 2,000,000 kwenye duka la PlayStation zilikuwa zikiuzwa takriban dola 20 za Marekani. Dola ya kweli, kwa gari ambalo haliwezi kukupeleka hata stejini.

Sikatai ubahili wangu unaongea. Lakini tuangalie kilichotokea mwezi ule ule wa Machi. Sasisho lilitoka likapunguza malipo ya mbio ambazo watu walizitegemea, kisha seva zikalala kwa zaidi ya saa 30. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya GT7, leseni zikiwemo, haifunguki bila intaneti, watu walionunua diski kwa pesa zao walikaa wakiitazama. Kazunori Yamauchi, baba wa mfululizo huu tangu 1997, aliomba radhi, wachezaji wakapewa krediti 1,000,000 kila mmoja, na Aprili malipo yakapandishwa. Sawa. Lakini fikiria hiyo fidia. Aliyekuwa akitafuta magari matatu alisogezwa mbele kidogo. Aliyekuwa akitafuta dhahabu kwenye kona hakuongezewa chochote, kwa sababu hakuna kiasi cha krediti unachoweza kumpa mtu ili aachilie breki vizuri zaidi.

Kwa hiyo nilipomjibu mpwa wangu, sikumtumia video. Nilimwambia achukue orodha ya trofi, aisome taratibu, na mbele ya kila moja ajiulize: hii ikifutwa leo, nitaipata tena kwa muda gani? Kama jibu ni alasiri mbili, hiyo ni yake. Kama jibu ni miezi mingine mitatu ya kuzunguka pale pale, au dola nyingine, basi hiyo amekodisha. Aifanye akitaka, ni pesa na muda wake, lakini asiiite ngumu.

“Anko, umekuwa mwalimu wa dini,” alijibu. Kisha akatuma picha ya skrini: shaba tisa na fedha moja.

Jumamosi alikuja. Nilimwangalia akicheza bila kusema kitu, jambo ambalo ni gumu kuliko leseni yoyote. Alikuwa anabonyeza kuanza upya kila baada ya kona ya kwanza. Nikamwambia tufanye mkataba: pedi usiiache, na kitufe cha kuanza upya usikiguse hadi umalize, hata ukimaliza ukiwa kwenye nyasi. Alilalamika. Alimaliza kwenye nyasi mara sita. Mara ya saba aliingia kona ya mwisho kwa upole wa ajabu, kama mtu anayepita mlangoni na karai la maji kichwani, akakanyaga mafuta mapema, na mimi nikajua kabla saa haijaonyesha.

“Umeona?” aliuliza.

“Nimeona.”

“Nimefanya nini?”

Nilimwambia arudie.

Alipoondoka niliitoa PS2 kwenye boksi. Bado ninayo kadi ile ya Luthuli, na ndani yake kuna kitu kimoja ambacho hakijakamilika. GT4 ina Misheni 34: unapewa Mercedes SL 65 AMG, gari zito lenye nguvu za kutisha, na mzunguko mmoja wa Nürburgring, ile njia ya milimani ya Ujerumani yenye kilomita zaidi ya 20. Wenzako wanaondoka kwanza. Wewe unaachwa umesimama, unawatazama wakienda, halafu unaachiliwa uwafukuze wote ndani ya mzunguko huo mmoja. Ukizidisha mafuta, matairi ya nyuma yanazunguka bure. Ukizidisha breki, uzito wa gari unakusukuma nje. Kila kosa la mwanzoni linakungoja kilomita 15 mbele.

Usiku huo nilifika kwenye ile sehemu ndefu iliyonyooka ya mwisho nikiwa wa pili. Taa za nyuma za aliyekuwa akiongoza zilikuwa karibu vya kutosha nione rangi ya gari lake. Nilikuwa nimekanyaga mafuta yote na hapakuwa na kitu kingine cha kufanya ila kungoja, kwa sababu muda nilioukosa niliuacha kwenye kona fulani huko nyuma msituni, na nadhani ninaijua ni ipi.